Redio ya ridhaa mlimani: wati 5 zinafika Ulaya ukijua pa kusimama (Lushoto hadi Mtae)

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni. Kuna watu wamenifuata inbox wakiuliza habari ya kubeba redio ya ridhaa (ile ya watu wenye leseni wanaoongea hewani kwa kupenda tu, si biashara) kwenye matembezi ya milimani, nimeona niandike hapa kila mtu asome. Nitatumia mfano wa Usambara Magharibi, ile njia ya miguu inayotoka Lushoto ikapita Lukozi na Rangwi ikaishia Mtae, kwa sababu ndio njia ninayoipenda na naijua vizuri, ila mambo nitakayosema yanafanya kazi Uluguru, Rungwe, Ngong, popote penye mteremko.

Nianze na hili la nguvu maana ndio linalowakatisha watu tamaa. Wengi wanadhani ili usikike Italia au Ujerumani lazima uwe na redio ya wati 100 na mnara nyuma ya nyumba. Wakuu, kutoka wati 100 kushuka mpaka wati 5 unapoteza desibeli 13, na kwenye mita ya redio ya yule anayekusikiliza hiyo ni alama mbili za S (kipimo cha nguvu unayoingia nayo) na kidogo, yaani kama ungeingia kwake S8 sasa unaingia kama S6. S6 mtu anakusikia vizuri tu kama kwake hakuna kelele. Na hizo alama mbili mlima unakurudishia zote, wakati mwingine na chenji juu.

Unarudishaje? Hapa naomba mnivumilie kidogo, ndio kiini cha uzi wote.

Kutoka Usambara mpaka Roma ni kama kilomita 5,800. Wimbi lako linapanda mpaka lile tabaka la ioni, kilomita kama 300 juu, linarudishwa chini, linagonga ardhi, linapanda tena. Ukihesabu miruko miwili, ule wa kwanza unatua huko jangwani kaskazini mwa Sudan. Sasa ili litue mbali hivyo lazima liondoke kwenye antena yako likiwa limelala, nyuzi kama 5 tu juu ya upeo wa macho. Ukifunga waya wako wa bendi ya mita 20 (urefu wa wimbi, masafa ya kama megahezi 14) kwenye mti, mita 5 kutoka chini, kwenye uwanja tambarare, nguvu yako nyingi inakwenda utosini, kule juu kusiko na mtu. Ili uilaze mpaka nyuzi 5 ukiwa tambarare ungetakiwa kuipandisha antena mita 60. Nani ana mnara wa mita 60 nyumbani?

Basi nenda Mtae. Simama pale ukingoni ambapo mlima unakatika ghafla na chini yako zimelala tambarare za Mkomazi. Waya wako bado uko mita 5 tu kutoka kwenye majani lakini ardhi iliyo mbele ya antena imeinama, na wimbi linaakisiwa na hiyo ardhi ya mbele, kwa hiyo nalo linainama. Halafu ukingo wenyewe unatazama magharibi na kaskazini, na Ulaya kwa sisi tulio huku iko kaskazini ikilala kidogo magharibi. Yaani kama mtu angeambiwa achonge mlima maalum kwa ajili ya kuongea na Italia angechonga ule ule.

Ndio maana nawaambia watu waache kukimbilia kilele kirefu, watafute ukingo. Kilele cha Magamba ni kirefu kuliko Mtae lakini umezungukwa na msitu, juu pamejikunja kama mgongo wa kobe, huoni mteremko wa maana mbele yako. Pazuri kwa kutembea, na ukikutana na mbega wale weusi weupe utafurahi, lakini kwa antena mimi napita tu.

Mzigo sasa. Redio ndogo za kubeba zipo za aina nyingi, Yaesu FT-818 na mtangulizi wake FT-817, Icom IC-705, na vile vidogo vya kuunganisha mwenyewe. Yaesu na Icom ni kilo moja na ushee. Icom inatoa wati 5 kwa betri yake na wati 10 ukiichomekea betri ya nje. Mtu ambaye hana hela nyingi akipata FT-817 iliyotumika lakini imetunzwa asiogope, imetoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 lakini kazi inafanya.

Betri chukueni ya lithiamu ile ya fosfeti, LiFePO4, ya volti 12.8. Hesabu yake ni nyepesi: redio ya wati 5 ikisikiliza inakula kama nusu ampia kushuka chini, ikitangaza inakula kama ampia 2, na wewe muda mwingi unasikiliza. Saa mbili za mazungumzo hazifikishi ampia-saa 2. Kwa hiyo betri ya ampia-saa 4 au 5 inakutosha jioni mbili na inakuwa nyepesi kuliko chupa ya maji ya lita moja. Betri ya risasi, ile ya bodaboda au ya mashine ya alamu za milango, inafanya kazi pia ila ukipandisha nayo kutoka Rangwi utaijua.

Antena ninayotumia ni dipole, yaani nyaya mbili sawa zinazotoka katikati kwenda pande mbili, katikati iko juu ya mlingoti na pande zinashuka kama paa la nyumba. Kila upande waya wa mita 5 kwa bendi ya mita 20, halafu kuna kiungio cha klipu, ukiunganisha kipande kingine cha mita 5 kila upande unapata bendi ya mita 40, na hiyo hiyo ya mita 40 inakubali na bendi ya mita 15 bila kugusa kitu kwa sababu 21 ni 7 mara tatu. Kanuni ni 143 gawanya kwa megahezi unapata urefu wote kwa mita. Usikate waya kwa pupa, kata mrefu kidogo halafu ule mwisho ukunje urudi juu ya mwenzake uuzungushie, ukipima SWR (kipimo cha antena inavyopatana na redio) na ukaona inakuwa nzuri chini ya masafa unayotaka unakunja zaidi, ikiwa nzuri juu yake unafungua sentimita mbili tatu. Waya uliokunjwa unarefushwa, uliokatwa umeshakatwa.

Mlingoti: fimbo ya kuvulia samaki ya fibaglasi ya mita 6 hivi. Iwe fibaglasi, ya kaboni inapitisha umeme itakuharibia antena. Ukikosa, Lushoto mianzi ipo kila kona, ongea na mwenye shamba akukatie mmoja mkavu mwembamba, ufunge kwenye nguzo ya uzio kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Huo mpira wa baiskeli wakuu msiudharau, unashika hata upepo ukija.

Muda: mchana saa tisa saa kumi bendi ya mita 10 na 15 ziko wazi kuelekea Ulaya, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linazama mita 20 inachangamka. Kwenye logi (daftari la mazungumzo) mnaandika saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa hiyo saa kumi na moja jioni yetu ni 1400. Mzunguko huu wa uchangamfu wa jua, ule unaofungua bendi za juu, ulifika kileleni 2024, mita 10 bado ina maisha, wahini kabla haijapoa.

Maswali karibuni.

#2

Mkuu uzi umeshiba. Ila leseni vipi? Nisije nikashushwa mlimani na difenda.

#3 – Mwanzisha uzi

Swali la msingi mkuu. Leseni ni lazima, kwetu inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unapewa kolsaini yako (jina lako la hewani) inayoanza na 5H3 kama uko bara na 5H1 ukiwa Zanzibar. Kenya inatolewa na CA, mamlaka yao ya mawasiliano, na kolsaini zao ni 5Z4. Leseni ya nchi moja usidhani inakuruhusu nchi nyingine, ukivuka Namanga au Horohoro na redio omba ruhusa kwanza kule unakokwenda. Redio unayoagiza nje nayo hakikisha karatasi za leseni ziko mkononi kabla mzigo haujafika forodhani, mzigo ukishakwama ndio uanze kutafuta karatasi utalia na gharama za stoo.

Na kubwa kuliko yote, toeni taarifa kijijini. Ukifika nenda ofisi ya kijiji, muone mtendaji au mwenyekiti, muamkie, mueleze unafanya nini, muoneshe leseni iliyo na jina lako na picha ya kitambulisho. Mtu mgeni anafunga nyaya ukingoni jioni halafu anaongea namba namba kizungu kwenye kidude, hata ingekuwa wewe ungeita mgambo. Mimi huwa namuomba mwenyekiti anipe kijana wa kukaa naye, nampa hela yake ya soda na chakula, na watu wakipita yeye ndiye anawaelezea kwa Kisambaa kuliko mimi ninavyoweza. Ukipita msitu wa Magamba ile ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wakala wa misitu, kuna kiingilio, lipa ubaki na risiti.

#4

Sina nia mbaya ila nauliza, simu inashika 4G mpaka Mtae, unampigia mtu wa Italia WhatsApp na video unamuona. Kilo tatu za nyaya za nini?

#5 – Mwanzisha uzi

Swali halali kabisa kaka. Ukimpigia mtu WhatsApp unampigia mtu unayemjua, na kati yako na yeye kuna minara, kebo zilizolala chini ya bahari, na kampuni kadhaa zinazolipwa. Mimi nikiita kule ukingoni sijui nani atajibu, na kati yangu na yeye hakuna kitu cha mtu yeyote, ni waya wangu, anga, na waya wake. Nikimsikia mzee wa Sicily anasoma kolsaini yangu taratibu kwa sauti inayopanda na kushuka, ile kupanda na kushuka ni lile tabaka lenyewe linacheza kilomita 300 juu ya Sudan Kusini na Libya, unalisikia kwa masikio yako. Mimi hilo linanitosha kubeba kilo tatu.

Tena kingine, nchi yetu inatafutwa. Stesheni za 5H zinazosikika hewani mara kwa mara ni chache, kwa hiyo ukitoa wito na mmoja akakuandika kwenye zile kurasa za intaneti za kutangaza nani yuko hewani, dakika tano tu foleni inajaa, wote wanaita kwa pamoja huoni pa kuanzia. Dawa yake ni kuwapanga, unasema naanza na wenye namba moja kwenye kolsaini, kisha mbili, unaenda hivyo hivyo. Ukishasema hivyo shikilia, ukimruhusu mmoja aruke foleni wote wanaruka.

#6

Mimi nina leseni siku nyingi, naomba nitofautiane kidogo na mleta mada kwenye antena. Dipole mlimani inataka kebo inayoning'inia katikati, inavuta fimbo ya fibaglasi inainama, upepo wa Usambara ukikaza unashinda unainyanyua. Mimi natumia waya mmoja wa mita 20 unaolishwa mwishoni, na transfoma ya 49 kwa 1. Unachukua pete ya feraiti FT140-43, unazungusha mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya, 14 kwa 2 ni 7, 7 mara 7 ni 49, na kapasita ya pikofaradi 100 upande wa redio. Waya huo huo unakupa mita 40, 20, 15 na 10 bila kushusha kitu. Unarusha kamba juu ya mkaratusi, unavuta, umemaliza, chai haijapoa.

#7 – Mwanzisha uzi

Mzee wangu shikamoo, hoja nimeipokea na kwa kasi ya kufunga umenishinda. Sababu yangu ya kubaki na dipole ni mbili. Ile transfoma inakula kidogo, na ukiwa na wati 5 kila kidogo kina maana. Halafu waya wako ukienda juu ya mkaratusi maana yake umesimama penye mikaratusi, pale ukingoni kwenyewe miti ni michache na mifupi. Ila kwa mtu anayetembea na kubadilisha bendi mara kwa mara namshauri aanze na ya mzee, ni rahisi kuijenga na inasamehe.

#8

Shikamoo mzee wa #6, na wewe mtoa mada pia shikamoo. Mimi niko Nairobi upande wa pili, huwa napanda Ngong. Hapo kwa ukingo umesema ukweli, mgongo wa Ngong unaenda kaskazini kusini, magharibi unaanguka Bonde la Ufa, mashariki unaangalia mji. Mimi hukaa upande wa bonde na Ulaya inaingia poa sana. Shida yetu ni upande wa kaskazini kuna milingoti ya matangazo na mitambo ya upepo, redio inashtuka, unasikia kelele na stesheni za FM mahali hazifai kuwa. Kwa hivyo mimi huingia geti la KFS, shirika la misitu, nakwenda kusini kuelekea Kona Baridi mpaka milingoti ibaki mbali, hapo ndio nafungua begi. Na tunatembea kwa kikundi, peke yako usiende.

Swali langu, huko Ulaya wana ule mpango wa kupanda vilele na redio ukapata pointi, SOTA, wewe unaufuata?

#9 – Mwanzisha uzi

Marahaba, na asante kwa hiyo ya milingoti, wa Morogoro wanaokwenda Bondwa waizingatie maana na kule juu kuna mitambo.

SOTA naifahamu, ilianza Machi 2002 England na Wales. Sheria zake nazipenda hata kama mlima ulioko hauko kwenye orodha yao: kipande cha mwisho ufike bila gari, umeme usiwe wa jenereta wala wa soketi, ukae ndani ya mita 25 za kimo kutoka kileleni, upate angalau mazungumzo manne ndipo pointi zihesabike, na repita (mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha tena) hairuhusiwi. Ukiangalia, hiyo ya mita 25 inagongana na mimi na ukingo wangu, mahali pengine ukingo mzuri uko mita 100 chini ya kilele. Mtu anayetaka pointi atapanda juu, mimi nikilazimika kuchagua nabaki ukingoni.

#10

Habari zenu kaka zangu. Mimi mwanamke na ndio naanza, leseni ninayo ila redio niliyonayo ni Baofeng tu ya mkononi. Nina safari ya Lushoto na wenzangu wa kupanda milima, nisibebe?

#11 – Mwanzisha uzi

Karibu sana dada, beba! Masafa ya 145 MHz yanakwenda kwa kuonana, na mlima ndio unakufanya uonane na watu. Hesabu: kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Kama tambarare iko mita 1,000 chini yako, ni kilomita 130. Na mwenzio akiwa naye juu mnajumlisha za kwake, siku anga likiwa safi pale Mtae Kilimanjaro unaiona kwa macho, na macho yakifika redio nayo inafika. Iite 145.500, na ukae upande wa mteremko unaoelekea huko unakotaka, mwili wako usiwe katikati.

Halafu ile antena fupi iliyokuja nayo iweke kando, tafuta ndefu. Na usiache kusikiliza kituo cha anga za juu, ISS, kina repita yake: unatangaza 145.990 na toni ya hezi 67, unasikiliza 437.800. Ukiwa ukingoni upeo uko chini yako kwa hiyo unakisikia mapema kinapochomoza. Kupita kwake kote ni kama dakika kumi, sema kolsaini yako mara moja, taja uko wapi, waachie wengine.

#12

Na radi je? Milima ile vuli ikianza si mchezo.

#13 – Mwanzisha uzi

Hapo sina mjadala mkuu. Ukisikia muungurumo hata wa mbali, au redio ikaanza kupasuka pasuka chwa chwa kwenye mita 40 na wingu liko upande wako, chomoa kebo, shusha mlingoti, ondoka ukingoni ushuke chini. Usimalizie mazungumzo. Aliye Ulaya ni mtu wa redio ya ridhaa mwenzako, ataelewa. Masika na vuli nakwenda asubuhi tu. Juni mpaka Agosti hakuna radi sana ila baridi na ukungu, beba koti na mfuko wa plastiki wa kufunika redio, umande wa Usambara unaingia mpaka kwenye maiki.

Na nyaya za TANESCO, angalia juu kabla hujarusha kamba. Kila mara.

#14

Wa Nairobi tena hapa. Nataka tujaribu mimi na wewe, mimi Ngong wewe Mtae, Jumamosi. Mita 20 nilikuita mara moja ulikuwa unaongea na Wajerumani, sikukusikia hata kidogo, wao nawasikia vizuri.

#15 – Mwanzisha uzi

Hukunisikia kwa sababu uko karibu mno kaka, kama kilomita 390 tu, wimbi langu lilikuruka juu ya kichwa. Tufanye mita 40, saa tatu asubuhi, tuanze 7.110 tukikuta mtu tusogee juu kidogo. Na hapo tunageuza kila kitu nilichosema kule juu: mimi nitarudi nyuma kwenye uwanja tambarare, waya nitaushusha mita 4 tu kutoka chini ili nguvu iende utosini irudi kama mvua juu yetu wote wawili. Na wewe ukae katikati ya mgongo palipo sawa, usikae upande wa bonde. Dada wa #10 ukiwa Lushoto siku hiyo pitia Mtae, kuna nafasi na kuna maiki ya pili.

#16

Saa tatu, 7.110. Nitakuwa na wati 5 pia ili ihesabike sawa. Ukinikosa dakika kumi za kwanza ngoja, kupanda kutoka getini na begi si mbio.